Habari za Sindano Katika Nchi ya Kilosa na Mikumi

Watu wengi wakitaka kujua jinsi ushonaji ulivyoenea katika nchi yetu, huuliza kwanza shule ilikuwa wapi na mwalimu wake alikuwa nani. Ni swali jema, nasi tutalijibu kwa kadiri tuwezavyo. Lakini mtu akiishika njia hiyo peke yake atapotea, kwa kuwa wanawake walio wengi wa Kilosa na Mikumi hawakujifunzia sindano shuleni, wala hawakupata hata saa moja nzima ya kukaa na kujifunza. Walijifunza katika vipande vya siku: chungu kikingojewa kichemke, mvua ikingojewa ipite, mtu akiamia ndege shambani. Vipande hivyo havikuandikwa katika daftari ya shule yo yote, na ndiyo sababu tumependa kuviandika hapa.

Yafaa tuanze kabla ya nguo. Wasomaji wetu wanajua ya kuwa Mikumi imepata jina lake kwa mti uitwao mkumi, ulio jamii moja na mnazi, ambao watu wa pwani huuita mvumo. Majani yake, pamoja na ukindu uotao penye maji, ni mali ya msusi. Na msusi wa mkeka hasuki mkeka. Husuka ukili, yaani utepe mrefu mwembamba, usio na mwisho ila ule autakao mwenyewe. Ukili husukwa mahali po pote. Mwanamke huusuka akizungumza na jirani, akimbembeleza mtoto, hata akirudi kutoka mtoni na mtungi kichwani, kwa maana mikono yake wakati huo haina kazi nyingine. Akiitwa, huuzungusha na kuutia kikapuni. Akiurudia, kidole chake hukijua kijani alichokiachia. Ukili ukifika urefu wake ndipo hushonwa, ukingo kwa ukingo, mpaka mkeka utokee.

Basi twaona mambo mawili. Kwanza, kushona kulikuwako kwetu kabla ya nguo za madukani. Pili, nalo ndilo kubwa, mwanamke wa nchi hii alikuwa amekwisha jua kuiacha kazi ya mkono na kuirudia mara ishirini kwa siku bila kuiharibu. Sindano ilipokuja haikumkuta mtu asiyejua kazi. Ilimkuta mtu ambaye mikono yake ilikuwa imefundishwa kwa ukili.

Nguo yenyewe ilikuja kwa miguu. Misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani ilipita Usagara na Ukaguru, mingine ikilifuata bonde la Mkondoa, mingine ikipitia Mamboya, ikaendelea Mpwapwa, Ugogo na Unyanyembe. Burton na Speke walipita Usagara mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, na wote waliandika habari za mizigo ya nguo, kwa kuwa nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya safari. Merikani ilikuwa ya kwanza kwa heshima. Ilifumwa hasa katika jimbo la Massachusetts, na ililetwa Unguja na wafanyaji biashara wa Salem, ambao taifa lao lilifanya mapatano na Seyyid Said mwaka 1833. Marekani ilipopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, toka mwaka 1861 hata 1865, nguo ilipungua, na zile za Bombay na Uingereza zikapata nafasi. Lakini jina la merikani halikuondoka. Mikono minne ilikuwa shuka moja, shuka mbili doti moja. Mtu aliyeuza pembe au chakula, au jumbe aliyelipwa hongo, alipewa kipande kilichokatwa kwa kisu au kupasuliwa kwa mikono.

Hapo ndipo haja ya sindano ilipoanzia. Nguo iliyopasuliwa haina pindo. Ikifuliwa mara tatu nne katika maji ya Mkondoa, uzi hutoka mmoja mmoja, na baada ya miezi michache mwenyewe amepungukiwa shibiri nzima. Aliyeweza kuikunga, yaani kukunja ukingo wake na kuushona, alivaa shuka ile ile wakati mwenzake alipokuwa akitafuta nyingine. Sisi twaamini ya kuwa pindo ndilo lililokuwa somo la kwanza la sindano katika bara yote, kabla ya gauni na kabla ya shati. Na pindo ni kazi iwezayo kufanywa vidole vitatu leo na vidole vinne kesho.

Watu wa pwani walikuwa mbele yetu. Kofia za viua zilitobolewa na kudariziwa vibarazani na wanaume wenye subira, na kanzu za wakubwa zilitiwa nakshi ya uzi shingoni na kifuani. Bibi Salme, binti ya Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na kuchapisha kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani mwaka 1886, anasimulia ya kuwa mabinti wa nyumba za kifalme walifundishwa kushona na kudarizi. Kanga nayo, ambayo leo tunaiona kuwa nguo ya mwanamke mmoja kama ya mwingine, husimuliwa kuwa ilizaliwa kwa sindano: wanawake wa pwani walinunua leso zilizokuwa bado hazijakatwa moja moja, wakazichukua tatu na tatu nyingine, wakaziunganisha kwa mshono wa katikati, ikawa nguo moja pana yenye sura mpya. Hakuna kiwanda kilichowafundisha. Kiwanda kilikuja baadaye kuiga walilokwisha lifanya.

Sasa tuje kwenye shule. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walianza kazi Bagamoyo mwaka 1868. Wale wa Misheni ya Vyuo Vikuu walipata shamba la Mbweni, Unguja, mwaka 1871, nalo likawa makao ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa, na la shule ya wasichana ambayo Bibi Caroline Thackeray aliisimamia miaka mingi tangu alipofika mwaka 1877. Huko wasichana wengine walisoma vitabu zaidi, na wengine wakawekwa katika upande wa kazi za mikono, wakashona, wakasuka, wakafua na kupika. Wengi wao walikuwa wametoka bara wakiwa watoto, wakipita katika njia zile zile zilizochukua merikani. Upande wetu wa bara, watu wa CMS walifika Mpwapwa mara ya kwanza mwaka 1876, na Mamboya katika Ukaguru ikafuata karibu na mwaka 1880. Popote walipokaa wanawake wa misheni, kengele ya alasiri iliwaita wasichana washone.

Hatutaki kuidharau kengele hiyo. Ilileta mkasi, subana, chaki ya kukatia na sindano nyembamba zisizotoboa nguo vibaya. Ilifundisha mshono ulionyoka. Lakini tuseme kweli: mara nyingi kusudi lake lilikuwa kumtengeneza mke wa mwalimu, wala si kumpa msichana kazi ya kumlisha. Tena kengele ilikuwa na kasoro nyingine, ambayo haikuonekana shuleni. Msichana aliyezoea kushona saa nzima, mbele ya meza, nguo safi magotini, alirudi kwao akaolewa, akakuta hakuna meza, hakuna nguo safi, wala hakuna ile saa. Kulikuwa na maji ya kuteka, jembe, kinu, kuni na mtoto. Wengine wakaiweka sindano katika sanduku pamoja na cheti cha ubatizo, ikashika kutu huko. Walioendelea ni wale waliojifunza mara ya pili, kwa bibi zao na kwa jirani zao, namna ya kushona pasipo saa.

Namna hiyo tuliiona sisi wenyewe utotoni, katika nyumba za udongo zilizo upande wa vilima vya Kilosa. Mwanzo wake haukuwa kushona hata kidogo. Mwanzo ulikuwa kuitwa. “Mjukuu wangu, njoo unitungie uzi.” Macho ya Bibi yalikuwa yamechoka, na tundu la sindano halikuonekana tena ila kwa mtoto. Kila asubuhi, kabla hatujatoka kwenda shule, tulimtungia nyuzi katika sindano zake zote. Zilikuwa nne. Alizichoma katika kitambaa kidogo kilichofungwa kwenye mwimo wa mlango, nyuzi zikining'inia kama ndevu za mbuzi. Hizo nne ndizo zilizokuwa siku yake. Kila alipopata nafasi alichomoa moja, akashona mpaka uzi uishe au mpaka aitwe, akairudisha. Jioni tukihesabu sindano zenye uzi tulijua kama siku ilikuwa na kazi nyingi au chache. Siku ya mavuno zote nne zilibaki na uzi wake.

Mtoto aliyetunga uzi mwaka mzima hujifunza bila kuambiwa. Huona fundo hufungwaje, huona uzi mrefu hujisokota na mfupi huisha upesi, huona kwa nini uzi hulainishwa kwa nta ya nyuki. Kisha siku moja Bibi hukosa nafasi ya kumaliza, husema, “Malizia hapo nilipoachia, lakini usinipite mstari.” Tulipewa kwanza kiraka, kwa maana kiraka kikiharibika hakuna hasara. Baada yake ni kupiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza tu, itakayofumuliwa baadaye. Kukunga pindo kulifuata. Tundu la kifungo lilikuwa la mwisho, na wengine wetu hatujalifikia mpaka leo kwa namna ambayo Bibi angeridhika.

Tena kila nafasi ilikuwa na kazi yake. Bandi ilipigwa karibu na moto, maana haihitaji macho makali. Kipindi cha jua kali, watu wakirudi shambani na kujilaza kivulini, kilikuwa cha pindo. Mwezi wa kuamia ndege ulikuwa mwema kuliko yote: mtu hukaa juu ya dungu toka alfajiri, hupiga kelele na kurusha mawe, na katikati ya kelele moja na nyingine hupata mishono kumi au kumi na miwili. Kudarizi maua kulingojea siku ya Jumapili baada ya ibada, au siku za kumwuguza mtu, ambazo ni ndefu na zahitaji rangi. Usiku, penye kibatari, Bibi hakushona neno. Alisema kibatari ni mwongo, humwonyesha mtu mshono ulionyoka, na asubuhi akaukuta umekwenda kama njia ya mbuzi.

Sindano zilikuwa chache, na hapa tutasimulia kosa letu. Jioni moja tuliipoteza moja ya zile nne katika makapi ya mahindi. Nyumba nzima ilitafuta, na jirani wawili wakaja na taa zao. Hatukupigwa, ila hakuna aliyesema nasi mpaka usingizi. Asubuhi yake jogoo aliparua makapi, na shangazi akaiona iking'aa. Mtu wa leo, anunuaye pakiti nzima ya sindano dukani bila kufikiri, hawezi kujua furaha ile.

Sasa tutazame jinsi vipande hivi vya siku vilivyolinda nchi wakati wa shida. Vita vilipoanza mwaka 1914, meli za Waingereza zilizifunga bandari za Wadachi, na nguo mpya ikakoma kuingia. Wadachi walijaribu kusokota na kufuma pamba ya hapa hapa, na kuipaka rangi kwa mizizi. Wamisionari Waingereza wa pande zetu walikamatwa, na mwisho wakawekwa Tabora mpaka mji ule ulipotekwa mwaka 1916. Kwa hiyo kazi nyingi za shule zilisimama, na kengele ya alasiri ikanyamaza. Kilosa yenyewe ilitwaliwa na majeshi ya Jenerali van Deventer mwezi wa Agosti mwaka ule wa 1916, baada ya chakula na wapagazi kuchukuliwa na pande zote mbili. Katika miaka kama hiyo mwalimu mwenye kabati ya nguo hakuwa na la kufundisha. Ni bibi mwenye viraka aliyekuwa na la kufundisha. Wazee wetu walituambia ya kuwa shuka moja ilikatwa katikati, kingo zake ngumu zikaunganishwa ziwe ndani, na sehemu ya katikati iliyochakaa ikawa nje, ipate kuishi mwaka mwingine.

Nguo ilipungua tena wakati wa vita vya pili, vya mwaka 1939 hata 1945. Na kwa mara ya tatu, tangu vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 hata katikati ya miaka ya 1980, maduka yalikuwa na rafu tupu, na doti ya kanga ilipangiwa foleni. Kila mara shida ilipokuja, watoto wengi zaidi waliitwa kutunga uzi.

Huenda msomaji atauliza: Kama kazi hii ilikuwa na maana kiasi hicho, kwa nini haikuandikwa? Jibu liko Kilosa mjini na katika mashamba ya mkonge. Mkonge uliletwa nchini na Mdachi Richard Hindorf mwaka 1893, na baadaye mashamba makubwa yakafunguliwa Kilosa na Kimamba. Kibarua wa shamba alipewa kipande, ile karatasi iliyoandikwa siku zake za kazi thelathini. Siku isiyoandikwa haikulipwa. Na barazani mwa maduka ya Kilosa palikaa mafundi wenye cherehani, Wahindi kwanza na Waafrika baadaye, wakikanyaga toka asubuhi hata jioni. Cherehani ile, ambayo Isaac Singer alipata hati yake Marekani mwaka 1851, ilimpa mtu mahali, saa na bei, na kwa hayo matatu akaitwa fundi. Mke wa kibarua alishona kaptura za watoto watano kwa muda wa miaka kumi, asiitwe fundi hata siku moja. Alipoulizwa na karani wa hesabu anafanya kazi gani, alijibu, “Sina kazi, mimi nipo nyumbani.” Karani aliandika alivyosikia. Hatumlaumu karani sana, lakini aandikaye habari za kale kwa karatasi za namna hiyo yampasa ajue ameachiwa nusu.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika kiasi. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ulioanzishwa mwaka 1962, ulipenda vikundi vya kushona, na mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, ulileta madarasa ya jioni ambamo wanawake walisoma wakiwa na vitambaa mapajani. Tangu mwaka 1975 vyuo vya maendeleo ya wananchi vikaanza kufundisha ushonaji kwa utaratibu. Mitumba iliporuhusiwa kuingia kwa wingi katika miaka ya 1980, watu wengine walisema sindano imekufa. Walikosea. Suruali ya mtu mnene wa Ulaya haivaliki Kilosa mpaka ipunguzwe kiuno. Koti hukosa vifungo, gauni huwa refu mno. Mitumba ilirudisha kazi ile ile ya kwanza, yaani pindo.

Mikumi ilichelewa kupata mambo haya, kisha ikayapata kwa haraka. Reli ya kutoka Kilosa ilifika huko mwaka 1960, hifadhi ya wanyama ikatangazwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia ikatiwa lami. Sasa mji una chuo cha VETA. Lakini kilichowafaa wanawake wa Mikumi zaidi ya vyote ni jambo ambalo hakuna aliyelikusudia, nalo ni kungoja. Barabara kubwa huleta kungoja kwingi: kungoja basi, kungoja lori lililoharibika lipone, kungoja mnunuzi. Huko Kilosa watu walingoja treni vivyo hivyo, hata nusu ya siku, na vitambaa vingi vya meza vimemalizwa stesheni. (Treni mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, haichelewi hivyo, na tumesikia mama mmoja akinung'unika kwamba foronya zake haziishi tena.)

Mara ya mwisho tulipopita Mikumi tulikaa kando ya barabara karibu na mwanamke auzaye karanga na ndizi. Alikuwa akifuma kitambaa cheupe cha kochi kwa sindano ya kulabu, na binti yake mdogo ameshika donge la uzi lisibingirike mavumbini. Tulimwuliza amejifunza wapi. Akasema, “Hapa hapa.” Tukadhani hajatusikia vema, tukauliza tena ni nani aliyemfundisha. Akatutajia mama mmoja aliyekuwa akiuza mayai katika meza ya pili, ambaye amekwisha kufariki. Walifundishana kwa muda wa mvua mbili, mabasi yakiwaachanisha kila mara, hata kitambaa cha kwanza kilikuwa na safu nne za yule mama na safu tatu zake, na mtu angeweza kuzitambua. Anacho bado. Tulitaka kumwuliza kama anakiuza, lakini basi la Iringa lilisimama, akaichoma sindano katika donge, akampa mtoto, akakimbia na sinia yake kichwani.